Waswahili wa Rwanda: Asili Zao na Jina Lao

 

Kijana wa Kiislamu katika nchi hii huulizwa mara nyingi shuleni na kazini: "Wewe Mswahili, kwenu wapi hasa?" Mmoja hunyamaza kwa haya, mwingine hukasirika. Swali lenyewe halina ubaya. Ubaya ni kwamba huyo aulizwaye hakupewa jawabu na wazee wake, na jawabu lipo, tena ni refu, laanza kabla ya kuwapo mji wa Kigali.

Katika zama za Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka wa 1895, Rwanda ilikuwa nchi iliyofungwa. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha jenga nyumba zao Tabora na Ujiji, wamefika Manyema, wamefika na Buganda kwa Kabaka. Lakini Rwanda waliizunguka tu. Karibu ya mlango wake, katika nchi ya Karagwe, alikaa Mwarabu mashuhuri jina lake Ahmed bin Ibrahim, ambaye Stanley alimkuta huko mwaka wa 1876. Khabari alizompa msafiri yule juu ya Rwanda zilikuwa khabari za nchi isiyompenda mgeni kuingia. Basi asemaye kwamba Uislamu uliingia Rwanda kwa misafara ya zamani ya Waarabu, huyo hakuuliza vizuri.

Mlango ulifunguliwa na wengine. Mwaka wa 1894 alipita Count von Götzen, Mjerumani aliyeanza safari yake Pangani, naye alikuja na mamia ya wapagazi na askari weusi. Yeye alipita akaenda zake hata bahari ya magharibi. Lakini mwaka wa 1907 Dr. Richard Kandt, aliyekuwa tabibu kisha akawa Mkazi wa serikali ya Kijerumani, alijenga boma juu ya kilima cha Nyarugenge, na huo ndio mwanzo wa mji wa Kigali. Nyumba yake ingali yatazamwa hata leo, imefanywa makumbusho. Wageni huonyeshwa humo picha za Mzungu huyo na vitu vya zama zake, na ni vyema. Ila Mzungu mmoja hajengi mji peke yake.

Waliojenga pamoja naye ni watu gani? Hapo ndipo penye asili ya jina. Askari wa Kijerumani walikuwa Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na Wasukuma. Wapagazi, makarani, wakalimani, wapishi na mafundi walitoka Tabora, Ujiji, Bagamoyo na Tanga. Nyuma yao wakaja wenye maduka: Waarabu wa Oman na wa Yemen, na Wahindi waliotoka Gujarat na Kutch, wakileta nguo, chumvi na shanga, wakichukua ngozi za ng'ombe na za mbuzi. Mizigo mingi ilipita njia ya Bukoba, upande huu huu wa mashariki, hata mtu atokaye Rwamagana kuingia Kigali leo apitaye karibu na Masaka (hii yetu ya Kicukiro, si ile ya Uganda ambayo watu huchanganya) aingia mjini kwa upande ule ule. Mhindi hakujua Kinyamwezi, Msudani hakujua Kigujarati, na wote pamoja hawakujua Kinyarwanda. Walichokuwa nacho ni Kiswahili, na wengi wao walikuwa na sala. Mwaka wa 1913 ukasimama msikiti wa kwanza mjini Kigali, ndio Al-Fat'hi.

Wenyeji walipowatazama watu hawa hawakuona Mmanyema wala Mhindi wala Mwarabu. Waliona watu wavaao kanzu, wasemao lugha moja, wauzao na kununua, wakawaita wote Abaswahili. Kwa hiyo Waswahili wa Rwanda hawakuwa kabila lililohama kutoka mahali fulani. Jina lilitangulia, kabila likafuata. Na katika Kinyarwanda jina hilo likapata ubaya: Umuswahili akawa ndiye mjanja, mwongo, mtu wa mjini asiye na shamba wala ng'ombe wala ukoo unaojulikana.

Lakini lugha ya watu ina maajabu yake. Wenyeji hao hao walitwaa neno la kusilimu wakalitia katika Kinyarwanda, wakamwita mtu nadhifu, mwenye adabu na mavazi mazuri, umusirimu. Mtu yule yule, kwa jina moja hutukanwa, na kwa jina la pili husifiwa! Na anayemdharau Mswahili kwa lugha yake, asubuhi huenda kununua sabuni katika iduka, humpa mtoto wake igitabo na ikaramu aende ishuri, hufungua idirishya akatazama isaha. Aondoe maneno hayo yote kinywani mwake, kisha aone siku yake itapitaje.

Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka wa 1916 waliukuta umati huu wakaupa mipaka. Waislamu walikaliswa mahali pao mbali na wenyeji, wakaitwa watu wa "Camp Swahili": Biryogo katika Kigali, na mitaa kama hiyo Rwamagana, Butare, Gisenyi na kwingineko, kama vile Buyenzi ilivyo katika Bujumbura. Kutoka na kuingia kulitaka ruhusa, na kukaa na Mswahili kulionekana ni kuharibika. Elimu nayo ilikuwa mikononi mwa wamisionari, waliofika Save tangu mwaka wa 1900, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma mara nyingi alitakiwa abatizwe kwanza. Mwami Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa katika ufalme mwaka wa 1931. Mwanawe Rudahigwa akabatizwa mwaka wa 1943, na mwaka wa 1946 akaiweka nchi yote chini ya Kristo Mfalme. Katika Rwanda ya namna ile, Mwislamu alikuwa na biashara, udereva, ufundi wa cherehani na uchinjaji. Hiyo ndiyo sababu wazee wengi wa Biryogo walijua kuendesha gari lakini hawakujua Kifaransa. Hawakuwa wavivu wa elimu, kama ilivyokuwa ikisemwa.

Ajabu ni hii: ukuta uliowekwa kuwazuia watu wasichanganyike nje, ukawachanganya ndani. Mjukuu wa Mmanyema alioa binti wa Mwarabu. Mhindi alioa mwanamke wa Kirwanda akazaa naye. Warwanda waliosilimu, Wahutu na Watutsi na Watwa, walihamia mitaa hiyo wakapewa jina lile lile la Abaswahili. Zama hizo, tangu miaka ya 1930, Wabelgiji walikuwa wakiandika katika vitambulisho vya watu Hutu, Tutsi au Twa. Mtoto ambaye babu yake alitoka Tabora na bibi yake alitoka Nduga akiulizwa ubwoko wake alikuwa hana la kusema ila "Mwislamu". Jawabu hilo lilichekwa. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1962 Waislamu walipata chama chao cha kitaifa mwaka wa 1964, wakapata shule, wakajengewa na Libya kituo kikubwa cha Nyamirambo. Lakini kicheko hakikwisha.

Kisha ukaja mwaka wa 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nyumba nyingi za Biryogo na Nyamirambo zilificha watu, Waislamu na wasio Waislamu. Huko Mabare, upande wa Rwamagana, Waislamu walikataa kuwatenga Watutsi waliokuwa pamoja nao. Wakapigana na wauaji, mpaka walipozidiwa nguvu, na wengi wakauawa msikitini. Hayo yajulikana, na yafaa yatajwe kwa majina ya mahali pake. Lakini haifai kusemwa, kama wasemavyo wengine katika sherehe, kwamba hapana Mwislamu aliyeshika panga. Walikuwapo. Hassan Ngeze wa Gisenyi, mwenye gazeti la Kangura lililowatukana Watutsi miaka kabla ya mauaji, alikuwa Mwislamu, na mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka wa 2003. Mtu kuwa wa mtaa wa Waswahili hakukumkinga na dhambi. Waliookoa watu waliokoa kwa kuamua, saa ile, kila mmoja mlangoni pake, na wenzao waliamua vingine. Anayesema kwamba wote walikuwa wema awapokonya wafu wa Mabare sifa yao.

Baada ya mauaji, kitambulisho kiliondolewa neno la kabila, na Warwanda wengi wakasilimu, baadhi yao kwa yale waliyoyaona. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2022 Waislamu walikuwa yapata wawili katika kila mia. Wengi wao sasa ni Warwanda kwa baba na mama, wenye mashamba na ng'ombe, wasio na babu Ujiji wala Manyema. Safu ya Ijumaa ina watu wa asili zote, na imamu huwaambia wanyoshe safu bila ya kuuliza.

Mwaka wa 2017 Bunge liliifanya Kiswahili lugha rasmi ya nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha ya wajanja imeingia Bungeni kwa mlango wa mbele, nao wazee waliotukanwa kwa ajili yake wengi wamekwisha fariki. Wajukuu wao husema Kinyarwanda nyumbani, na Kiswahili wengi wao huanza kujifunza darasani, pamoja na watoto wa majirani, katika kitabu kimoja.