Mtoto Huyu Ana Kipaji? Somo juu ya Kuchagua Vijana wa Michezo

Leo nasema hasa na wenzetu wa darasa la kisomo la Tarakea, huko Rombo, lakini somo hili lamfaa kila mtu mwenye mtoto. Fungueni madaftari, shikeni kalamu. Leo tutaandika, na hesabu kidogo tutapiga.

Wenzetu wa Tarakea wameniletea swali. Kila mwaka watoto wa shule za msingi huchaguliwa kwa michezo ya UMITASHUMTA, na wa sekondari kwa michezo ya UMISSETA. Mashindano huanza chini shuleni, hupanda wilayani na mkoani, hata taifa. Basi wao wauliza: tutajuaje kwamba mtoto huyu ana kipaji kweli, na yule amekuwa mrefu mapema tu?

Swali hili ni jema, tena ni zito. Mtoto anayechaguliwa kwa haki hufunguliwa mlango. Mtoto anayeachwa kwa haraka yetu huenda asiuguse mpira tena. Na mtoto anayesifiwa kupita kiasi huenda akaacha shule, akafuata ahadi za watu asiowajua. Kwa hiyo tulitazame jambo hili polepole.

Tuanze na kitu mnachokijua: kahawa. Kahawa yetu ikisha kukobolewa hupitishwa katika chekecheke. Punje kubwa huitwa AA, zinazofuata A, kisha B. Je, kazi imekwisha hapo? Haijaisha. Wako waonjaji, na kazi yao ni kukaanga kahawa kidogo, kuisaga, kuitia maji ya moto na kuionja kijiko kwa kijiko. Kwa nini? Kwa sababu chekecheke hupima ukubwa, haipimi ladha. Punje kubwa iliyovundikwa vibaya haina ladha njema. Sasa, wengi wetu tukichagua watoto twatumia chekecheke peke yake. Twamchukua mrefu, twamwacha mfupi. Hatuonji.

Tutazame wenzetu wa mbali wanavyofanya. Huko Marekani kuna mchezo uitwao besiboli. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia. Hata hapa Tanzania baadhi ya shule za sekondari huucheza. Tangu mwaka 1965 vilabu vikubwa vya Marekani huwa na siku zao za kuchagua vijana. Vilabu hivyo leo ni 30. Kila klabu huchagua kijana mmoja kwa zamu, na zamu zikiisha huanza tena. Siku hizi mizunguko ni 20. Vilabu dhaifu hutangulia kuchagua, ili wenye nguvu wasizidi kuwa na nguvu peke yao. Tangu uchaguzi wa mwaka 2023 nafasi sita za mwanzo hupigiwa kura ya bahati kati ya vilabu vilivyoshindwa kufika katika mashindano ya mwisho, ili klabu isione faida ya kushindwa kwa makusudi.

Kabla ya siku hiyo, watu wa vilabu huzunguka viwanjani, daftari mkononi. Kwa mchezaji asiye mrushaji, hutazama mambo matano. Yaandikeni:

1. Je, huupata mpira kwa gongo mara kwa mara?
2. Je, huupiga kwa nguvu ukaenda mbali?
3. Je, ana mbio?
4. Je, mkono wake una nguvu ya kurusha?
5. Je, hudaka vizuri?

Kila jambo hupewa alama, kuanzia 20 mpaka 80. Alama 50 ni ya mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Lakini sikilizeni hapa: kila jambo huandikiwa alama mbili. Ya kwanza ni ya leo, ya pili ni ya kesho, yaani vile kijana atakavyoweza kuwa akisha kukomaa. Mkulima naye hufanya hivyo. Akiutazama mche wa mgomba haulizi una mkungu gani leo. Huuliza utazaa nini.

Je, watu hao wenye daftari na fedha nyingi hawakosei? Hukosea sana. Mwaka 1991 kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa mrushaji aitwaye Brien Taylor. Alipewa dola 1,550,000. Mwaka 1993 aliumia bega katika ugomvi nje ya uwanja, na ligi kuu hakuifikia kamwe. Tena mwaka 1988 alichaguliwa kijana aitwaye Mike Piazza akiwa wa 1,390. Toeni 1 katika 1,390. Mnapata ngapi? Ndiyo, vijana 1,389 walitajwa kabla yake. Hata hivyo mwaka 2016 yeye aliingizwa katika Jumba la Sifa, mahali wanapokumbukwa wachezaji bora wa mchezo huo. Basi tukichagua tuwe wanyenyekevu. Yule tuliyemwacha tusimwambie, “Wewe huwezi.” Tumwambie, “Endelea kujifunza, tutakutazama tena.”

Uchaguzi huo ni wa vijana wanaoishi Marekani, Kanada na Puerto Rico. Kijana wa Afrika hapiti mlango huo. Klabu ikimtaka huandikiana naye mkataba moja kwa moja. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliandikiana hivyo na warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Naye Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliandikiana mkataba na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, lakini alicheza ligi kuu mara ya kwanza mwaka 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika huko. Sasa mtazameni Mbwana Samatta wetu. Mwaka 2011 alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2016 alikwenda Genk ya Ubelgiji. Mwaka 2020 aliingia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Pigeni hesabu: toka 2008 mpaka 2017 ni miaka mingapi? Na toka 2011 mpaka 2020? Zote mbili ni miaka 9. Mzazi anayeahidiwa utajiri wa mwezi mmoja na aikumbuke hesabu hiyo.

Sasa turudi Tarakea. Tutafanyaje sisi? Nawapeni njia tano.

Ya kwanza, jueni umri. Watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja Januari na mwingine Desemba, wametengana karibu miezi 11. Kwa mtoto wa miaka 10, muda huo si mdogo. Huyu ana mifupa na misuli iliyotangulia, akampita mwenzake mbio, nasi twasema ana kipaji. Huenda ana miezi tu. Basi katika daftari andikeni tarehe ya kuzaliwa kando ya jina.

Tena andikeni tarehe ya kweli. Kupunguza umri ni kumwibia mtoto mwingine nafasi yake. Mwaka 2001 timu ya watoto ya Bronx, New York, ilisifiwa sana kwa mrushaji wake. Baadaye ikajulikana kwamba ana miaka 14, wala si 12 kama ilivyoandikwa. Ushindi wote wa timu ukafutwa, na watoto wenzake wasio na kosa wakapoteza jasho lao. Katika mpira wa miguu, tangu mwaka 2009 shirika la FIFA hutumia mashine ya kupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono katika mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 17. Karatasi hudanganya, mfupa ni shahidi mgumu.

Ya pili, gaweni mchezo vipande. Msiseme tu, “Anacheza vizuri.” Kwa mpira wa miguu andikeni: mbio, kuutuliza mpira, kutoa pasi, kutumia miguu yote miwili, kuona mwenzake alipo. Kila kipande kipeni alama toka 1 mpaka 5, ya leo na ya kesho.

Ya tatu, tazameni zaidi ya mara moja. Mtoto mwingine siku ile ameamka na homa, au ametoka kukata majani ya ng'ombe alfajiri na tumbo halina kitu. Mtazameni siku tatu mbalimbali.

Ya nne, wawe watazamaji wawili au watatu, na kila mmoja aandike peke yake kabla ya kusema. Mzee mwenye sauti kubwa akisema kwanza, wengine humfuata kwa heshima. Tena baba asimpe alama mwanawe, wala shangazi asimpe mpwa wake.

Ya tano, tazameni moyo. Akipoteza mpira, huurudia au husimama akilaumu? Akikosolewa na mwalimu, husikia? Tena watazameni wasichana kwa daftari lile lile. Kipaji hakiulizi kwamba huyu ni wa kiume au wa kike.

Nimefika mahali pa hatari. Tuseme mtoto ameonekana. Anakuja mgeni na viatu vinavyong'aa, asema, “Nipe kijana wako nimpeleke ng'ambo. Lipa ada kidogo tu, kisha weka dole gumba hapa.” Bibi, Bwana, ninyi sasa mnajua kusoma. Msiweke dole wala sahihi juu ya karatasi msiyoisoma mpaka mwisho. Mwulizeni: mtoto atakaa wapi? Atasoma shule gani? Akivunjika mguu nani atamtibu? Ombeni nakala, mkampelekee mwalimu mkuu na chama cha mpira cha wilaya. Akikataa kutoa nakala, mmekwisha kumjua.

Kuna sheria pia, nayo yawahusu hasa ninyi mnaokaa mpakani. FIFA kwa kawaida hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Njia chache zimeachwa wazi, na moja ni ya watu wa mpakani. Nyumba ya mtoto isiwe zaidi ya kilometa 50 kutoka mpakani, na klabu ya upande wa pili vivyo hivyo. Mtoto aendelee kulala kwao, na vyama vya mpira vya nchi zote mbili vikubali. Kwa hiyo mtoto wa Tarakea aweza kucheza Loitokitok na kurudi kula kwa mama yake, ikiwa vyama vimekubali. Lakini anayetaka kumchukua akiwa na miaka 14 akakae mji wa mbali wa nchi nyingine, mwambieni awaonyeshe ruhusa iliyoandikwa.

Na shule isiachwe. Vijana wanaochaguliwa ni wachache kuliko wanaoachwa, na hata aliyechaguliwa huenda akaumia kesho. Mpira na kitabu ni kama ndizi na kahawa katika kihamba: hukua pamoja, na kimoja kikikosa mwaka huu, kingine hulisha nyumba.

Sasa kazi ya nyumbani. Jibuni katika madaftari:

1. Chekecheke ya kahawa hupima nini, na haipimi nini?
2. Kwa nini kila jambo hupewa alama ya leo na alama ya kesho?
3. Halima alizaliwa Februari, Anna Novemba mwaka ule ule. Wametengana miezi mingapi?
4. Andika maswali matatu ya kumwuliza mtu anayetaka kumchukua mtoto wako.
5. Piga mistari katika ukurasa mmoja, uandike jina, tarehe ya kuzaliwa na vile vipande vitano vya mchezo. Jumamosi nenda kiwanjani na mwenzako, mtazame mtoto mmoja, kila mtu atoe alama zake. Kisha linganisheni, na palipo na tofauti mwambiane sababu.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.