Tumbo Halishiki Fagio: Madai ya Fidia kwa Ugonjwa wa Kucheua Tindikali

Mada kwa semina ya wasaidizi wa kisheria na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, Tanga



Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha malipo ya mishahara waliyokuwa wakidai askari wa zamani wa Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari aliyewazuia Waingereza kuiteka Tanga Novemba 1914. Husimuliwa kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, wazee wakajipanga, lakini wenye hati walikuwa wa kuhesabika. Wengine walileta vipande vya sare zao kuukuu. Mlipaji akapata wazo: kila mzee akakabidhiwa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kuchekesha. Kwetu sisi tunaoshughulika na madai kina uzito wake, maana wazee wale walilipwa kwa kuwa miili yao ilitoa ushahidi mbele ya mlipaji. Sasa mtu akija ofisini kwako na kusema kazi imemharibu tumbo, utampa fagio gani?

Ugonjwa ninaouzungumzia ni ule wa tindikali ya tumbo kupanda kwenye umio kwa sababu msuli unaofunga mlango kati ya viwili hivyo umelegea. Mgonjwa husikia kiungulia, hucheua maji machungu, hukohoa usiku. Ukiachwa miaka, umio huweza kupata kovu na kubana, chakula kikawa kinakwama. Huku kwetu yote haya huitwa vidonda vya tumbo, na hapo ndipo madai mengi yanapoanza kuyumba. Fomu ikiandikwa vidonda, kisha kipimo cha kamera kikaonyesha umio uliochubuka na tumbo lisilo na kidonda, mtoa uamuzi anaona maelezo mawili yanayopingana, ingawa mgonjwa hakusema uongo.

Nchi yenye uzoefu mkubwa wa madai ya namna hii ni Marekani, kupitia idara yake ya maveterani wa jeshi. Mwanajeshi mstaafu huko hadai kwa kuwa anaumwa tu. Huonyesha mambo matatu: ana ugonjwa leo, kuna tukio au maradhi wakati wa utumishi, na daktari anaunganisha hayo mawili. Daktari hatakiwi kuapa. Inatosha aseme uwezekano wa kuhusiana haupungui nusu kwa nusu, na mizani ikisimama sawa mstaafu ndiye anayepewa haki.

Lakini tumbo limewasumbua hata wao. Wastaafu wa vita vya Ghuba wenye matatizo ya tumbo yasiyoonyesha kasoro ya kiungo kwenye vipimo hukubaliwa bila kudaiwa uthibitisho wa chanzo. Kucheua tindikali huhesabiwa kuwa kasoro ya kiungo, kwa hiyo mwenye ugonjwa huo lazima athibitishe chanzo. Yaani asiyeonekana na kitu ana njia fupi kuliko aliyeonekana na kitu! Halafu tarehe 19 Mei 2024 kanuni zikabadilika. Zamani kiwango cha ulemavu kilipimwa kwa malalamiko: kiungulia cha kudumu, shida ya kumeza, maumivu ya kifua hadi begani. Sasa kinachotazamwa ni kubana kwa umio kulikothibitishwa kwa vipimo. Anayeungua kila usiku lakini umio wake haujabana anaweza kukubaliwa kwamba utumishi ndio chanzo, kisha akapewa asilimia sifuri. Hata sifuri hiyo wanasheria wao huipigania, kwa sababu hali ikizidi baadaye mlango uko wazi, na kinachobaki kubishaniwa ni kiwango tu.

Turudi mashambani kwetu. Mkonge ulifika Pangani mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, na tangu enzi za vibarua wa mkataba walioitwa manamba kazi yake haijawahi kuwa nyepesi: kukata, kufunga mizigo, kubeba hadi barabarani, kusimama kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi, penye kelele na maji makali ya majani. Sheria ya fidia ya mkoloni ya mwaka 1949 ilidumu muda mrefu mno, hadi kiwango chake cha juu cha ulemavu, shilingi 108,000, kikawa aibu. Sheria ya 2008 ndiyo iliyoleta Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016.

Sheria hiyo ina orodha ya magonjwa ya kazini. Ukiwa na ugonjwa uliomo na ulifanya kazi iliyotajwa, dhana iko upande wako. Kucheua tindikali hakumo. Ukiliwasilisha dai lako likiwa kiungulia kitupu, utaulizwa kuhusu kahawa chungu ya barazani, achari ya mbilimbi, sigara na tabia ya kula usiku ukalala papo hapo. Maswali hayo ni halali, tusiyakasirikie.

Ushauri wangu ni kuingia kwa mlango wa jeraha. Chukulia mkata mkonge aliyeumia mgongo akibeba mzigo. Zahanati inampa dawa za maumivu, diklofenaki. Zinaisha, anaendelea kununua mwenyewe duka la dawa, mwaka mzima, mara nyingi anameza bila kula ili awahi shamba. Dawa za jamii hiyo huchubua tumbo na umio, na kiungulia huzidi. Tumbo lake halikuumizwa na mzigo. Liliumizwa na tiba ya mgongo ulioumizwa na mzigo. Marekani njia hii ya ugonjwa uliozaliwa na jeraha ni ya kawaida kabisa, na wengi wanaoshinda madai ya kiungulia hupitia hapo. Kwetu nayo ina mantiki ileile: madhara ya tiba ya ajali yanatokana na ajali.

Tatizo ni daftari. Nimeona maandishi ya zahanati yasemayo “mgongo, diklo” na saini, basi. Kwa dai la mgongo wenyewe hayo pengine yatatosha kwa shida. Kwa dai la tumbo hayatoshi. Linganisha na haya: “Ameumia akibeba mkonge leo asubuhi. Diklofenaki vidonge 15. Hana historia ya kiungulia.” Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, na ni mganga wa siku ile pekee anayeweza kuiandika kwa haki. Stakabadhi za duka la dawa nazo zitunzwe; asiyepewa aombe. Tanga waja leo waondoka leo, na waajiri nao ni hivyohivyo: mashamba yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, mengine yakauzwa tena, na aliyetegemea faili la ofisi alibaki mikono mitupu.

Kuhusu muda, ajali itolewe taarifa mapema na dai lisipite miezi 12. Dai likikataliwa, sheria inaruhusu kwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, kisha Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Lakini msikimbilie rufaa na karatasi zilezile. Wamarekani wametenganisha njia: mwenye ushahidi mpya ana yake, na anayesema ushahidi ulisomwa vibaya ana yake. Nanyi mjiulize hivyo kabla ya kuandika barua. Kama barua ya kukataa inasema uhusiano na kazi haukuthibitishwa, hasira haitasaidia. Mtafuteni daktari aandike dawa gani, kwa muda gani, na kwa nini anaona ndizo zilizozidisha ugonjwa.

Suala moja sina jibu lake, nalileta kwenye majadiliano ya mchana. Mfuko hulipia matibabu ya dai lililokubaliwa. Kipimo cha kamera kinahitajika ili dai likubaliwe. Mkata mkonge wa Korogwe au Muheza, anayelipwa kwa mzigo, akienda kupimwa anapoteza nauli, gharama ya kipimo na ujira wa siku. Napendekeza matawi yajadiliane na waajiri kuliweka hili kwenye mikataba ya hali bora: mwajiri agharamie kipimo cha kwanza kwa kila aliyekwisha kuandikishwa kuumia kazini. Waajiri watauliza ukomo wa gharama, kwa hiyo tuingie mchana tukiwa na kiwango mkononi.