Njia za Maneno katika Kazi ya Ofisi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ilitutaka tunene machache juu ya njia ambazo kwazo maneno husafiri katika kazi, nasi tulikubali kwa furaha, maana karani ni nani ila mtu wa kupokea neno, kulihifadhi na kulifikisha? Seremala akikosea, huonekana mlango uliopinda. Sisi tukikosea, anayeumia ni mtu mwingine, pengine yuko mbali sana, ambaye hakupata haki yake wala hajui kwa sababu gani.

Kwanza tutazame aina za maneno. Yako ya mdomo na yako ya maandishi. Neno la mdomo lina upesi na lina upole. Lafaa kwa kuelezana kazi, kwa kuonyana, na kwa kumtuliza mwenye hasira. Ubaya wake ni kwamba likiisha kutamkwa halina shahidi. Neno la maandishi huenda polepole, tena ni kavu, lakini lina tarehe na sahihi, na laweza kusomwa na mtu ambaye hakuwapo. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya mtumishi nayo ni mali.

Kwa hiyo agizo lolote lihusulo fedha, cheo, likizo, uhamisho au adhabu lisiachwe mdomoni. Mkubwa akiagiza akiwa amesimama mlangoni, tuifanye kazi yake, kisha tuandike dokezo fupi katika faili, tukitaja aliloagiza na siku aliyoagiza. Kufanya hivi si kumtilia shaka. Ni kumlinda yeye na kujilinda wenyewe. Siku hizi ujumbe wa simu ya mkononi humshinda tarishi yeyote kwa mbio. Tuutumie kuitana na kukumbushana, walakini tusidhani kwamba neno lililopita katika simu limekwisha kuingia katika faili. Simu ikipotea, au mwenyewe akihamishwa, neno nalo limekwenda.

Sasa tuzitazame njia zenyewe. Ya kwanza hutoka juu kwenda chini: amri, waraka, tangazo la ubaoni. Njia hii ni mteremko, na watu hudhani kwamba haina taabu. Lakini mara ngapi waraka umefika ofisini ukasomwa na wawili, ukatiwa sahihi na kufungiwa kabatini, hali dereva, mfagizi na mlinzi hawajui hata habari zake? Anayepokea waraka ana wajibu wa kuwaeleza wenzake kwa maneno wanayoyafahamu. Tena asiwaulize, "Mmeelewa?", kwa kuwa wote watajibu, "Ndiyo, Bwana." Na aulize, "Basi kesho utafanyaje?" Hapo ndipo atakapojua kama neno limefika.

Njia ya pili ni ya ubavuni, baina ya idara na idara, na baina ya karani na mwenziwe. Hii hutengenezwa kwa adabu ndogo ndogo: kutaja namba ya kumbukumbu ya barua unayoijibu, kuandika jambo moja katika barua moja, kupeleka nakala kwa kila anayehusika, na kuhakikisha kwamba aliyepokea ametia sahihi katika daftari la kupelekea barua.

Njia ya tatu hutoka chini kwenda juu, nayo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Desturi ya utumishi ni kwamba mtumishi huandika kwa kupitia kwa mkuu wake. Desturi hii ina maana nzuri, kwa kuwa mkuu huijua kazi ya mtu wake na aweza kuongeza maoni yake. Lakini itakuwaje kama lalamiko lenyewe lamhusu mkuu huyo? Au kama yeye ni mzito wa kujibu? Barua italala katika saraka. Aliyeandika atadhani amekataliwa; waliomo makao makuu watadhani kwamba hakuna aliyelalamika. Kumbe wote wawili wamekosea, na kila mmoja ana kinyongo au raha isiyo na msingi. Tusisahau kamwe kwamba kimya cha barua iliyolala hufanana sana na kimya cha watu walioridhika.

Na neno lisilopata njia ya kupanda halifi. Hugeuka likashika njia ya ubavuni. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Na mwezi wa Septemba mwaka ule ule wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam walianza mgomo ulioenea mpaka kwa watu wa reli na kufika miji ya bara. Bei za vitu zilikuwa zimepanda na mishahara haikuzifuata. Twaona kwamba manung'uniko ya namna hiyo hayazaliwi kwa siku moja. Huanza kunong'onwa majumbani na vibarazani muda mrefu kabla hayajasikiwa na wenye mamlaka.

Wazee wetu wa kazi walitambua mapema nguvu ya kusema pamoja. Mwaka 1922 Bwana Martin Kayamba na wenzake waliunda mjini Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali ya Tanganyika. Mwaka 1931 yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Baada ya uhuru, Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika Tanzania. Chama na baraza havikuwekwa ili kuivunja njia ya kupitia kwa mkuu. Viliwekwa ili pasiwe na mtu mmoja tu awezaye kuifunga.

Lakini tusiwalaumu wakubwa peke yao. Mbele ya meza zetu husimama mstaafu anayefuatia malipo yake, au mjane wa mtumishi mwenzetu. Twamwambia, "Njoo kesho." Yeye ametoka mbali, na kila kesho yetu ameilipia nauli. Huenda kinachokosekana ni hati moja tu, barua yake ya kuajiriwa au cheti kimoja. Kwa mtu huyo sisi ndio wakubwa, na saraka inayolaza barua ni yetu. Na aandikiwe siku ile ile ni nini kinachopungua, akipate wapi, na amletee nani.

Basi twawaomba wanachama wayashike haya. Kila barua iliyopokelewa ijibiwe, ijapokuwa jibu ni kwamba shauri lingali likitazamwa. Kila mtumishi aweke nakala ya barua aliyoiandika, pamoja na tarehe aliyoipeleka. Asipojibiwa, akumbushe kwa upole kwa njia ile ile, akiitaja barua ya kwanza. Akikosa tena, alilete shauri kwa Katibu pamoja na nakala zote mbili, kwa kuwa chama hakiwezi kumtetea mtu kwa maneno matupu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye neno la kuongeza au la kupinga na alitoe sasa, Katibu apate kuliandika.