Swali la Bwegera lifike Bunge la Jimbo

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 iliwapa wabunge wa jimbo kazi mbili: kutunga sheria za jimbo na kuisimamia serikali ya gavana. Njia wanazo: swali la maandishi, swali la mdomo, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi. Wakikosa imani kabisa, kuna kura ya kuiangusha serikali.

Kivu Kusini tunaijua zaidi hiyo ya mwisho. Desemba 2021 wabunge walimwangusha gavana Théo Ngwabidje. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ikamrudisha. Miezi ikaliwa na mvutano, na shida za raia zikangoja.

Hapa Bwegera, mama anayepeleka magunia ya muhogo Uvira hulipa kwenye kizuizi cha barabarani, mara nyingine bila kupewa hata karatasi. Analipa kodi gani, kwa sheria ipi, na inaingia sanduku la nani? Barabara anayopitia, ya Taifa namba 5, ni mzigo wa serikali kuu ya Kinshasa, lakini kodi za jimbo, waziri wa fedha wa jimbo ana wajibu wa kuzijibia.

Mbunge wetu wa jimbo na amwulize kwa maandishi, kisha aje sokoni atusomee jibu. Nasi tumdai jibu hilo sasa, tusingoje kampeni.