TUSHIKE MBEGU, TUSHIKE NA MIZANI

Hotuba ya mwenezi wa Chama mbele ya wanachama na wakulima, Bujora, Kisesa



Nimeombwa niseme juu ya mazao ya mafuta, yaani karanga, alizeti, ufuta na pamba. Pamba naitaja makusudi, maana wengi huisahau. Mkulima akipeleka kilo 100 za pamba kituoni, nyuzi ndani yake ni kama theluthi moja tu. Karibu theluthi mbili ni mbegu, na mbegu ile hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Basi sisi tunaojiita wakulima wa pamba tumekuwa wakulima wa mafuta miaka yote hii. Halafu jioni tunamtuma mtoto dukani na chupa akanunue mafuta ya kukaangia dagaa, na mara nyingi ni mafuta ya mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia au Indonesia.

Jambo hili lina historia, na vijana yafaa waijue.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Serikali yao ikaamua ipate karanga Tanganyika. Mwaka 1947 wakaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta makubwa, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Walikusudia kulima zaidi ya eka milioni tatu. Mwaka wa kwanza peke yake walitaka eka 150,000. Wakapanda kama 7,500. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na karanga ni zao la kung'olewa ardhini. Mvua nazo za kule ni za kubahatisha. Mgogo yeyote mwenye jembe angeweza kuwaambia, lakini nani alimwuliza? Januari 1951 mpango ule ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36.

Sasa tazameni huku kwetu, miaka ile ile. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hawakuwa na vifaru. Walikuwa na jembe la mkono na ngoma ya bugobogobo. Shida yao ilikuwa mizani. Mkulima alipeleka mzigo kwa mnunuzi, akaambiwa uzito asioweza kuukagua, akapokea alichopewa. Basi wakaweka mizani yao wenyewe, mtu apime kwanza kwa wenzake ndipo aende kuuza. Kutokana na mizani ile vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, lililoongozwa na marehemu Paul Bomani. Baada ya mizani wakanunua na viwanda vya kuchambulia pamba. Wakati huo huo, tangu mwisho wa 1954 hadi 1958, TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika jimbo letu. Ushirika ukawa ndiyo shule ya siasa ya mkulima.

Sisemi kwamba ushirika haukupata maradhi. Ulipata, na wazee waliopo hapa wanayajua kuliko mimi. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudi kwa sheria ya 1982, na vingine vilirudi vikiwa na madeni. Lakini mtu hachomi nyumba kwa sababu ya kunguni.

Narudi kwenye karanga, na hapa nitajisema mwenyewe. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulipewa robo eka tulime karanga, nami nikachaguliwa msimamizi. Nikaenda sokoni nikanunua karanga zilizokwisha kumenywa, kwa kuwa sikutaka taabu ya kumenya. Kisha tukachelewa kupanda kwa ajili ya mitihani. Nyingine hazikuota kabisa. Zilizoota majani yake yakawa madogo, ya njano, yamejikunja, mmea umedumaa. Tulivuna debe moja, na nusu yake maganda matupu. Mzee mlinzi alitazama debe lile akaniuliza, "Mwalimu, hizi ulizipanda au ulizizika?"

Ugonjwa ule wataalamu huuita rozeti, na huenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani. Dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani: ni kupanda mapema mvua zinapoanza, na kupanda kwa kubanana, maana vidukari hupenda shamba lenye nafasi tupu. Tena mbegu ikae ndani ya ganda lake mpaka karibu na siku ya kupanda. Na iwe mbegu inayojulikana jina. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kule Mtwara, kimetoa mbegu nzuri za karanga. Pendo ilitolewa mwaka 1998, na huwahi kukomaa. Kwa pamba tunao Ukiriguru hapa hapa jirani, kinachotuzalishia mbegu tangu enzi za mkoloni. Watu wanatoka mbali kuja kujifunza pale, na sisi tunapita mlangoni na baiskeli.

Baada ya kuvuna, karanga zianikwe juu ya mkeka au turubai, si chini kwenye udongo. Na mama zangu, mnisamehe: ile desturi ya kunyunyizia maji ili maganda yalainike tuiache leo. Maji yale huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na ilipochunguzwa ikaonekana sababu ni chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye ukungu. Hapa kwetu mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga iliyooza ukiimenya usimpe mtoto wala kuku. Ichome.

Jana bibi mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, mbegu unayoisifu ni ghali, na alizeti tulilima bei ikaanguka." Yote mawili ni kweli. Mwaka 2023 wakulima wa alizeti waliona bei ikiporomoka, wakati mafuta ya nje yalikuwa yameingia kwa ushuru mdogo. Chama kisiogope kulisema hilo. Ushuru ni jambo la Bunge, na wabunge tuliowapeleka waulizwe hapa hapa, mbele ya watu, kabla ya bajeti na si baada yake.

Lakini juu ya mbegu kuwa ghali, nina jibu. Mbegu chotara ya alizeti hukamua mafuta mengi, ila huwezi kutunza punje zake ukapanda mwaka wa pili. Lazima ununue tena. Karanga si hivyo. Mkulima akianza na mbegu safi, akaitunza, anaweza kuipanda tena. Na sheria inaruhusu kikundi cha wakulima kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora na kuwauzia jirani zao, mradi kimejiandikisha na wakaguzi wa TOSCI wamelitazama shamba. Kwa nini kikundi hicho kisiwe Bujora? Tununue mbegu ya eka moja tu kwa mchango, shamba liwe la wote, mazao yake yagawanywe kuwa mbegu kwa kila aliyelima.

La mwisho ni kipimo. Pamba tunapima kwa mizani, karanga tunauza kwa ndoo na kwa lumbesa. Mnunuzi huja na ndoo yake iliyopanuliwa kwa moto, hujaza mpaka kilima, na sisi tunamshukuru kwa kufika nyumbani. Babu zetu walikataa jambo hili kwenye pamba kabla hata ya Uhuru. Sisi tunalikubali kwenye karanga tukiwa na bendera yetu wenyewe.

Mashine ya kukamulia tutaizungumza tukiwa na mzigo wa kuilisha. Na niseme mapema, mafuta ya pamba hayafai kukamuliwa kienyeji yakaliwa, maana mbegu ile ina sumu yake na mafuta lazima yasafishwe kiwandani. Mashine ya kijiji itakuwa ya alizeti na karanga.

Jumamosi saa moja asubuhi tutakwenda kulitazama lile shamba la eka moja alilokubali mzee wetu kutuazima. Bwana shamba ameahidi kuwapo. Daftari la majina analo katibu wa tawi, yule pale mwenye kofia; atakayejiandikisha aseme na kiasi atakachochanga. Atakayeweza aje na jembe, na mwenye mizani nzima ya kuning'iniza aje nayo tuijaribu.