Miaka Yangu katika Kazi ya Kupuliza Rangi

(Haya ni maneno ya mwanachama wetu mmoja, wa kidato cha nne cha 1989, aliyoyasema mbele ya shule nzima siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Ameomba jina lake lisichapishwe, na msomaji ataiona sababu yake humu ndani. – Mhariri)



Nilipopata barua ya Katibu kunitaka nije niseme machache juu ya kujiajiri, nilicheka peke yangu. Darasa letu limetoa madaktari, limetoa wakili, limetoa hata mchungaji ambaye hakuna aliyemtazamia. Mimi ndiye niliyeitwa ofisini kwa sababu ya kumchora mwalimu wa zamu juu ya jalada la daftari la Jiografia. Picha ile ilinipatia viboko vinne na sifa za muhula mzima. Sisi ndio tuliofanya KCSE ya kwanza, mwaka 1989, na katika matokeo yangu Sanaa ndiyo alama pekee niliyoweza kumwonyesha baba bila kuinamisha kichwa. Kwa hiyo msidhani niliacha mambo makubwa ili niifuate sanaa. Sikuwa na cha kuacha.

Nilianza Nairobi kwa brashi ya kawaida, nikimbebea ngazi mzee mmoja mwandishi wa vibao. Tuliandika mabucha, vinyozi, hoteli za chai na mandazi, na “Usikojoe Hapa” nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mzee yule alinifundisha jambo moja ambalo shule haikunifundisha, nalo ni kupima neno kabla ya kuliandika. Ukianza HOTELI kwa herufi nene, utafika ukutani mwisho huna nafasi ya I.

Eabrashi niliiona mara ya kwanza kwenye gereji ya mabodi. Fundi mmoja alikuwa akipuliza uso wa mwanamuziki nyuma ya matatu, na mkono wake haukugusa bati hata kidogo. Kwa wasioijua, ni chombo cha ukubwa wa kalamu nono. Upande mmoja hewa yaingia kutoka kwenye kompresa, juu pana kikombe kidogo cha rangi, na ndani mna sindano ndefu iliyokaa katika tundu dogo sana, pengine nusu ya milimita au chini yake. Ukibonyeza kitufe, hewa yatoka. Ukikivuta nyuma, sindano yarudi na rangi yafuata hewa. Kidole kimoja chafanya kazi mbili, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Kisogeze chombo karibu na bati upate unywele. Kirudishe nyuma upate kivuli. Sindano ikipinda ncha kidogo tu, badala ya mstari unapata mate ya mbuzi. Kompresa ikipeleka maji pamoja na hewa, uso wa mtu uliouchora tangu asubuhi unaota ndui mbele ya macho yako. Chombo hiki si kipya: Wamarekani walikuwa wakihangaika nacho tangu miaka ya 1870, na kwa miaka mingi kilitumika sana kusafishia sura za watu katika picha za studio. Kuchora simba na wanamuziki kwenye mabasi ni kazi tuliyompa sisi.

Nilijifunza kwa miaka miwili kabla ya kufungua banda langu la mabati. Sasa nije kwenye biashara, maana ndilo lililonileta.

Vijana, nilipoanza nilidhani nauza picha. Nilipima bei kwa uzuri wa picha na kwa siku nilizotoka jasho. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwenye gari hesabu yake ni nyingine kabisa. Gari lake limekopewa pesa, na mkopo haulali. Kila siku ambayo gari limesimama bandani kwangu, dereva na makanga wamekaa, abiria wamepanda la jirani, na yeye anahesabu. Anachonunua kwangu ni picha itakayowafanya wanafunzi wa chuo waliache gari lililotangulia na kulisubiri lake, na anataka kuinunua kwa siku chache iwezekanavyo. Nilipolielewa hilo niliacha kutaja bei peke yake. Nilitaja bei na siku: siku saba bei hii, siku kumi na mbili bei hii. Wengi walichagua saba, wakalipa zaidi. Nikajiona nimeerevuka.

Mengine nitayapitia haraka. Nusu ya pesa ije kabla ya msasa kugusa bati. Anayekwambia “tutaelewana, fundi” hamtaelewana. Mchoro uwe kwenye karatasi, umetiwa sahihi na mwenye gari mwenyewe wala si makanga, kwa sababu makanga atakuagiza umchore mchezaji wa timu yake, na mwenye gari ni wa timu nyingine. Niliwahi kufuta mchezaji mzima kwa gharama yangu. Kompresa, vanishi na msasa hununuliwa kwa pesa ya kazi, mshahara wako ni kinachobaki, na kuna miezi isiyobakisha kitu.

Na usiwe na mteja wa aina moja. Hilo nililipia. Mwaka 2004, tarehe 1 Februari, zilianza kutumika kanuni za Waziri John Michuki: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo, sare za dereva na kondakta, na mstari wa njano ubavuni mwa kila matatu. Sisemi kanuni zile zilikuwa mbaya. Watu walikuwa wakifa barabarani kama kuku, na mimi mwenyewe nilizika binamu. Lakini magari niliyoyapamba kwa miaka yaliletwa tena bandani kwangu ili niyafute, na nikayafuta kwa mkono huu huu, rangi moja na mstari wa njano. Kazi ya kufuta ilikuwa nyingi kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo palikuwa kimya. Niliuza kompresa kubwa, nikabaki na ndogo, nikarudi kwenye mabucha. Nilipuliza majina kwenye helmeti za pikipiki, kuta za shule za chekechea, mandhari ya studio za picha. Mke wangu aliuza mboga na ndiye aliyelipa karo mwaka ule, na sijali nani anasikia.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alitamka hadharani kwamba vijana waachwe wachore matatu, kwani hiyo ni ajira. Ndipo yakaja mabasi makubwa, yenye taa na televisheni ndani, na kila mwenye gari akataka lake liwe la kwanza kuongelewa mjini. Nilikuwa na kazi hadi nikawa narudisha watu. Na hapo ndipo nakuja kwenye jambo ambalo nilifikiri njia nzima, kutoka Nairobi hadi langoni hapa, kama nitalisema ama sitalisema.

Katika miaka hiyo nilipokea kijana kutoka shule hii. Alikuja na barua ya mwalimu wake, amekaa kwenye madawati haya haya mliyokalia. Mkono aliokuwa nao sijauona kwa mwingine. Baada ya miezi sita alikuwa anaweza kupuliza chuma kinachong’aa mpaka ukatamani kukigusa, na macho ya watu alinizidi. Nilimwachia macho yote.

Picha ikikamilika huwa tunaifunika kwa vanishi ngumu ya kumalizia, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Bila hiyo jua na maji ya kuoshea gari vingeimaliza picha mapema. Ndani ya dawa ile mna kemikali ziitwazo isosianeti. Ikipulizwa inakuwa ukungu, na sehemu kubwa ya ukungu huo huioni kwa macho, wala harufu haikuonyi. Mabati yanaonekana safi, nawe unaendelea kuuvuta. Mimi haya nilikuwa nimeyasoma. Yameandikwa kwenye mkebe.

Ilikuwa msimu wa mvua ya Aprili. Basi lilitakiwa barabarani Jumamosi, nami nilikuwa nimeuza zile siku saba zangu za bei kubwa. Mvua ilitupotezea mbili, maana hewa ikiwa na unyevu rangi inafifia na kuwa nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Alhamisi usiku nikasema tufunge milango vumbi na mvua visiingie, tumalize. Kijana alipuliza upande wa kulia nami wa kushoto, hadi saa tisa za usiku. Yeye alikuwa amejifunga kitambaa puani. Bandani kwangu palikuwa na barakoa moja tu yenye vichujio vya mkaa, iliyokuwa ikitundikwa kwenye msumari wangu, na usiku huo nilikuwa nimeivaa mimi. Haukuwa usiku wa kwanza wa namna hiyo. Ni ule ninaoukumbuka zaidi.

Basi lilitoka Jumamosi. Watu walilipiga picha.

Kijana akaanza kukohoa. Mchana kazini alikuwa mzima. Kikohozi kilimjia usiku akiwa amelala, kwa hiyo nilimwambia ni baridi ya Nairobi, anunue blanketi. Miezi ikapita. Siku moja mwenzake alifungua mkebe tu, hajapuliza kitu, na kijana akainama akashika magoti, pumzi haziingii. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda. Daktari aliuliza swali moja, anafanya kazi gani, kisha akatueleza: mwili ukishaikataa kemikali ile, unaikataa. Hata kidogo sana kinatosha kumletea pumu, na dalili huweza kuchelewa saa kadhaa, ndiyo maana ya kikohozi cha usiku. Asirudi tena kwenye banda la rangi. Alikuwa na miaka 21.

Nilimpeleka kwao mwenyewe. Mama yake alinikaribisha chai. Nilieleza yote, naye hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza, “Na wewe, fundi, ulikuwa umevaa nini?”

Nikamwambia. Hakusema kitu tena. Alinyanyuka akaenda kuangalia moto.

Gharama za hospitali nililipa, na za dawa naendelea kulipa, na silisemi hili nipigiwe makofi. Kijana yuko hai. Anachora kwa kompyuta sasa, na michoro mingine inayopulizwa bandani kwangu ni yake, naye hunitoza kama anavyomtoza mtu mwingine yeyote. Kipulizia dawa cha pumu hakitoki mfukoni mwake. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuja hapa. Alisema, “Waambie, mzee, lakini usiwaambie ni mimi.” Kwa hiyo jina lake halimo, wala langu lisiandikwe gazetini, kwani ukijua langu utalijua lake.

Nilibadilisha banda. Nilitenga chumba cha vanishi peke yake, chenye feni ya kuvuta hewa nje, na anayepuliza ndani anavaa barakoa ya bomba, inayoletewa hewa safi iliyochujwa. Barakoa ya mkaa niliyokuwa nikiringia haikutosha hata mimi. Ilikuwa bahati tu. Hakuna anayeivua mara baada ya kumaliza, maana ukungu ungali hewani. Mlango hufungwa, mtu hutoka akiwa amevaa, na chumba huachwa feni ikizunguka. Mtambo huo wote ulinigharimu kuliko kazi ya basi zima. Siku saba siziuzi tena. Nimepoteza wateja kwa sababu hiyo, na wako mafundi hatua chache kutoka kwangu watakaokumalizia kwa nne.

Novemba 2018 serikali iliikaza tena ile kamba ya kanuni, na Machi 2020 korona ikapunguza abiria, nasi tukapungua pamoja nao. Safari hii sikuuza kompresa. Nilikuwa na helmeti, kuta za shule, na vibao vya mabucha, ambavyo mzee wangu aliniachia kama urithi.

Bwana Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Vijana, nimekuja na kompresa ndogo na eabrashi mbili, na baada ya chakula nitakuwa chini ya mti ule wa karibu na maktaba. Rangi niliyoleta ni ya maji, haina dawa ile, lakini barakoa mtavaa vilevile, zipo za kutosha kila mkono utakaoshika chombo. Haziwashiki vizuri wenye ndevu, kwa hiyo walimu wawili watatu ninaowaona hapa mbele watatazama kwa mbali.