Jozi za Tindikali na Besi

Leo nataka kusema nanyi habari moja ya kemia iwatatizayo wanafunzi wengi, yaani namna ya kutambua jozi za tindikali na besi. Wala msidhani kwamba ni habari ya mtihani tu; mbele kidogo mtaona ya kuwa imo katika damu ya kila mmoja wetu.

Tangu zamani watu waliijua tindikali kwa ukali wake ulimini, kama ndimu na siki. Na besi waliijua kwa utelezi wake, kama maji ya majivu. Mwaka 1923 wataalamu wawili, Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walitoa maelezo haya: tindikali ni kitu kitoacho protoni, na besi ni kitu kipokeacho protoni. Protoni hiyo ni haidrojeni iliyopotewa na elektroni yake.

Sasa fikirini. Hakuna mtoaji pasipo mpokeaji. Tena, tindikali ikiisha kutoa protoni yake, kile kilichobaki chaweza kuipokea tena; basi nacho ni besi. Vitu viwili hivyo, cha kabla ya kutoa na cha baada ya kutoa, ndivyo viitwavyo jozi.

Aliye na ubao na aandike mfano wa amonia, ile ambayo harufu yake kali husikika zizini, inapoingia majini:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Amonia imepokea protoni ikawa amoniamu. Kwa hiyo amonia ni besi, na amoniamu ni tindikali yake. Maji yametoa protoni, ikabaki haidroksidi. Kwa hiyo maji ni tindikali, na haidroksidi ni besi yake. Hizo ni jozi 2. Lakini chukueni maji mengine, mtie siki. Hapo maji yatapokea protoni ya siki, nayo yatakuwa besi. Msistaajabu: mtu mmoja huitwa mjomba katika nyumba hii, na mpwa katika nyumba ile.

Kanuni yenyewe ni fupi: wenzi wa jozi moja hutofautiana kwa protoni 1 tu. Mwanafunzi akiona tindikali ya kaboniki, H₂CO₃, huenda akadhani mwenzake ni kaboneti, CO₃²⁻. Sivyo, hizo zatofautiana kwa protoni 2. Mwenzake ni bikaboneti, HCO₃⁻.

Na jozi hiyo ndiyo iliyomo damuni. Tindikali ikizidi, bikaboneti hupokea protoni zake, ikageuka tindikali ya kaboniki. Nayo huvunjika ikawa maji na hewa ya kaboni, tukaitoa kwa pumzi. Mtoto anapoharisha sana hupoteza maji na chumvi, na bikaboneti pia. Akiba ikipungua, damu huelemea upande wa tindikali, na mtoto huanza kuvuta pumzi ndefu na za haraka, ijapokuwa mapafu yake ni mazima. Hiyo ni dalili ya hatari. Na apelekwe hospitali upesi.

Tena mwajua ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti, unaotiwa katika maji safi akanyweshwa mtoto anayeharisha. Hapo kwanza ulikuwa na bikaboneti. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sitreti badala yake, kwa kuwa unga wenye sitreti hustahimili zaidi joto na unyevu. Sitreti ni mabaki ya tindikali ya ndimu baada ya kutoa protoni zake 3, na mwilini hugeuzwa ikawa bikaboneti.

Basi nawaachieni swali moja. Je, mwenzi wa sitreti hiyo ni tindikali ya ndimu yenyewe? Ikumbukeni kanuni, mhesabu protoni, kisha mjijibu.